Atatoka gerezani kabla rufaa yake haijasikilizwa. Niendelee kuilipia?

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Igoma hapa Mwanza. Jioni nakaanga sato kando ya barabara, na hiyo ndiyo kazi inayotulisha tangu mume wangu afungwe. Jina langu naomba lisitajwe, maana wateja wangu wengi wanaisoma safu hii kwenye simu.

Mume wangu alikuwa karani wa tajiri mmoja anayenunua mabondo. Kwa wasomaji wasiokaa ziwani, bondo ni kile kibofu cha hewa cha sangara. Kinakaushwa na kuuzwa nje ya nchi, na kilo yake moja inaizidi mbali bei ya samaki mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa anapima, anaandika kwenye daftari na kukaa na funguo za stoo. Mwaka jana mzani na daftari vikakataana. Tajiri akaenda polisi, mume wangu akashtakiwa kwa wizi akiwa mtumishi.

Siku anasomewa shtaka nilikuwepo mahakamani. Usiku wake shemeji, yaani kaka yake mkubwa, alikuwa amemwambia, "Wewe kubali yaishe. Ukikubali utapigwa faini, tutachanga." Alipoulizwa akajibu, "Ni kweli mheshimiwa, mzigo umepungua mikononi mwangu, na funguo nilikuwa nazo mimi." Wakamsomea maelezo, akasema ni kweli. Haikuwa faini. Ilikuwa miezi 18, na juu yake amlipe tajiri fidia ya shilingi 3,600,000. Mimi nilikuwa nimeacha mtungi wa gesi unawaka kwa jirani nikijua tutarudi wote saa sita.

Rufaa aliandikiwa na mfungwa mwenzake anayeyajua mambo hayo. Nimeisoma nakala yake, ina sababu tatu: kwamba adhabu ni kubwa kwa mkosaji wa mara ya kwanza, kwamba hakimu hakujali kuwa amekiri na hakuisumbua mahakama, na kwamba ana familia inayomtegemea. Baadaye shemeji akatafuta wakili, tukalipa fedha ya kuanzia.

Sasa nakala za mwenendo wa kesi, yaani yale hakimu aliyoyaandika mahakamani, zilichelewa, rufaa ikachelewa. Kwa punguzo la theluthi ya kifungo ambalo wafungwa hupewa, mume wangu anatoka mwezi wa kumi na moja. Rufaa imepangwa kusikilizwa mwezi wa pili mwakani. Wakili ameniita ofisini akaniambia, "Mama, rufaa yenu ni ya adhabu. Akishatoka, adhabu imekwisha, na jaji atatuuliza tunabishania nini. Itakuwa imepitwa na wakati. Mimi nashauri tuiondoe. Mkitaka niendelee nayo, mniongeze laki nane."

Nilipokwenda Butimba kumwona nikamdokeza. Akashika nondo, akaniambia, "Rufaa hiyo ndiyo jina langu. Usiiache." Mama mkwe naye, ambaye tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe anatoka Sengerema na kutua kwangu bila hata kupiga simu, anasema mwanawe akitoka bila kushinda atabaki mwizi mpaka anazikwa. Shemeji, yule yule wa "kubali yaishe", anasema tuiache, hela ni za kuanzia maisha.

Desemba kikoba chetu kinavunjwa na mimi natarajia kama shilingi 1,200,000. Nilikuwa nimeziwekea nia friza, maana samaki wakilala nje wananiharibikia. Nikilipa wakili, friza hakuna. Nisipolipa, nitaonekana mke niliyemwacha mumewe achafuke.

Na kuna hili la mwisho ambalo sijamwambia mtu. Mpaka leo sijawahi kumuuliza kama aliyachukua yale mabondo. Mwanzo niliogopa kumwongezea uchungu. Sasa sijui naogopa nini.

Nishauri.

Mama Wawili, Igoma

JIBU

Marahaba, Mama Wawili, na pole. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nilikuta umeyafunga mambo mawili matatu kwenye fundo moja. Kuna rufaa, kuna jina la mumeo, kuna shilingi laki nane. Wote wanaokuzunguka wanazungumza kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi naona tukiyafungua moja moja, mengine yatakuwa mepesi kuliko ulivyodhani, na moja litakuwa zito zaidi.

Nianze na wakili, kwa kuwa nahisi mama mkwe ameshamhukumu. Alichokuambia hakikosi msingi. Mahakama inayosikiliza rufaa hukaa ili kubadilisha kitu. Mtu akisema miezi 18 ni mingi, jaji anaweza kuipunguza ikawa 10, au akasema kifungo alichotumikia kinatosha, atoke. Lakini kama mtu ameshatoka kwa sababu kifungo kimekwisha, hata jaji akikubali kwamba miezi ilikuwa mingi, hana mwezi wa kumrudishia. Hiyo ndiyo maana ya rufaa kupitwa na wakati.

Wamarekani waliligawa jambo hili kwa namna inayosaidia kuelewa, ingawa sheria yao haitufungi sisi. Mwaka 1968, katika kesi ya Sibron na Jimbo la New York, Mahakama yao ya Juu ilimsikiliza mtu aliyekuwa ameshamaliza kifungo chake cha miezi 6. Ikasema rufaa yake bado ina uhai, kwa sababu alikuwa anapinga hatia yenyewe, na hatia humfuata mtu mpaka nje ya geti. Mwaka 1982, katika kesi ya Lane na Williams, walikuja watu waliokuwa wamekiri makosa yao kama mumeo, na wao walipinga sehemu ya adhabu tu. Adhabu ile ikaisha wakiwa bado wanasubiri. Wakaambiwa hakuna kilichobaki cha kuamua.

Sasa zirudie zile sababu tatu za mumeo. Adhabu kubwa. Amekiri. Ana familia. Hakuna hata moja inayosema "sikuiba". Ya pili ndiyo kabisa, inajivunia kwamba alikiri! Kwa hiyo anapokuambia rufaa hiyo ndiyo jina lake, nadhani anaipa karatasi ile kazi ambayo haikuandikiwa. Hata ingesikilizwa kesho na akashinda kwa asilimia mia, hukumu ingesema alitiwa hatiani sawasawa ila alifungwa muda mrefu mno. Mama mkwe angeshangilia, na majirani wangebaki na lao lile lile. Sisemi haya kumkatisha tamaa. Yule mwenzake wa gerezani alimwandikia kilichokuwa cha haraka wakati ule, yaani kumtoa mapema, na kwa mtu aliyekiri hiyo ndiyo njia ya kwanza ambayo sheria inaiacha wazi.

Lakini wakili naye, au wewe ulivyomnukuu, kuna kitu amekiruka. Fidia. Umeitaja kwa sentensi moja ukaendelea na mtungi wa gesi, na mimi ndipo nilipokaa. Kifungo kinaisha mwezi wa kumi na moja. Agizo la kulipa shilingi 3,600,000 haliishi siku hiyo. Tajiri anaweza kurudi mahakamani kulidai, mumeo akiwa nje na wewe una friza mpya sebuleni. Kama agizo lile linaweza kupingwa, ama kwa sababu thamani ya mzigo haikuthibitishwa, ama kwa sababu nyingine ambayo mwanasheria ataiona kwenye mwenendo, basi bado kuna kitu ambacho jaji anaweza kukibadilisha, na rufaa haijafa yote. Katika zile sababu tatu fidia haimo. Kuna utaratibu wa kuomba kuongeza sababu za rufaa kabla haijasikilizwa. Muulize wakili swali hilo hasa: "Na fidia je?" Msikilize atakavyojibu, kwa sababu jibu lake litakuonyesha pia laki nane anazitaka kwa kazi gani.

Lipo na jingine, nalo nalileta kwa tahadhari kwa sababu linaweza kukupa matumaini makubwa kuliko ushahidi uliopo. Umeyaandika maneno ya mumeo mahakamani: mzigo umepungua mikononi mwangu, funguo nilikuwa nazo mimi. Soma tena kama mtu usiyemjua. Hayo ni maneno ya karani anayekubali upungufu. Kuiba ni jambo jingine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai humzuia mtu aliyekiri kukata rufaa juu ya hatia, humwachia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Hata hivyo upo uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1983 ambao mawakili wanaunukuu mpaka leo. Unasema mlango wa hatia unaweza kufunguliwa kama kukiri kwenyewe kulikuwa na utata au hakukukamilika, kama mtu alikiri kwa kukosea au kutoelewa, kama shtaka halionyeshi kosa linalojulikana kisheria, au kama maelezo aliyoyakubali hayatoshi kumtia hatiani.

Je, mumeo anapita humo? Siwezi kusema, na wewe pia huwezi kusema kwa kukumbuka. Kinachohesabiwa ni alichokiandika hakimu siku ile. Huenda maneno yale yameandikwa kama ulivyoyasikia. Huenda imeandikwa "Ni kweli" peke yake. Na usisahau kwamba baadaye alisomewa maelezo akayakubali, na katika maelezo hayo inaweza kuwa imeandikwa wazi kwamba aliiba. Ushauri wa shemeji, "kubali yaishe", peke yake si lazima uhesabike kuwa kutoelewa. Watu wengi hukiri wakitarajia faini, na mahakama zinalijua hilo.

Njia hiyo pia ina hatari zake. Muda ni mmojawapo. Notisi ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya siku 45 bila kuhesabu siku za kusubiri nakala, na anayechelewa huomba kibali cha Mahakama Kuu kwa sababu za msingi. Kwa kuwa rufaa yenu imo tayari mahakamani, mwanasheria aangalie kama inatosha kuongeza sababu, na hapo utaona kwa nini kuiondoa haraka haraka kunaweza kugharimu: ukishaitoa, kurudi ni safari nyingine. Hatari kubwa zaidi ni hii. Jaji akikubali kwamba kukiri kule hakukuwa sahihi, si lazima aseme nenda nyumbani. Anaweza kuagiza kesi ianze upya. Majaji huangalia kama haki inalitaka hilo, na muda ambao mtu ameshatumikia huwekwa kwenye mizani, lakini uwezekano upo. Tena Mahakama Kuu ina uwezo hata wa kuongeza adhabu, ingawa lazima kwanza impe mrufani nafasi ya kusema. Mtu aliyetoka mwezi wa kumi na moja, je, yuko tayari kusimama tena kizimbani mwaka unaofuata? Wengine wako tayari, kwa sababu hatia ya utovu wa uaminifu inauma kila anapoomba kazi ya kushika fedha au mali ya mtu. Katiba yenyewe, ibara ya 67, humzuia kugombea ubunge mtu aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi 6 kwa kosa la namna hiyo. Najua mumeo hagombei, lakini uone jinsi hatia inavyokwenda mbali kuliko kifungo. Wengine wakishatoka hawataki kuiona mahakama hata kwa mbali. Wote nimewahi kuwasikia, na sikuona wa kumlaumu.

Kuhusu fedha, umeweka mezani mambo mawili tu: laki nane au kumwacha mumeo achafuke. Mbona yapo mengine? Mrufani anaruhusiwa kujisemea mwenyewe mbele ya jaji bila wakili, na wafungwa wengi hufanya hivyo. Akiwa nje atatakiwa kufika siku iliyopangwa, maana asipofika rufaa inaweza kutupwa, na hakikisha mahakama ina namba ya simu mnayopatikana. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako inaweza kukuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa. Hata ukiwatumia kukusomea mwenendo tu na kukuambia kama kuna hoja, umeshajua kama laki nane zina kazi ya kufanya. Unaweza pia kumwomba wakili akuandikie hizo ni za nini: kufika mahakamani mara ngapi, kuandaa nini. Kuuliza bei ya samaki si kumtukana mvuvi.

Na tajiri? Hujasema kama mnazungumza. Wapo wanaopeleka wazee wakakubaliana kulipa fidia kidogo kidogo, au ikapunguzwa. Inaweza kuwapa usingizi. Ila karatasi yoyote ya makubaliano isisainiwe kabla mwanasheria hajaiona, kwa sababu kukubali kulipa huku unapinga hatia kunaweza kumrudia mumeo vibaya.

Hapa nataka nikuguse bega. Rufaa hii si yako, Mama Wawili. Ni ya mumeo. Wakili hawezi kuiondoa kwa kauli yako wala ya shemeji, lazima apate maagizo ya mteja wake. Umebeba uamuzi ambao kisheria haukuwa mgongoni kwako, pengine kwa sababu wewe ndiye unayeshika fedha na wewe ndiye unayefikika. Kilicho chako ni hela za kikoba. Unaweza kumwambia mumeo, "Rufaa ni yako, sitaigusa, lakini hela hii nimeipangia friza ya kuwalisha wanao," na ukawa bado mke mwema. Unaweza pia kuamua kuzitoa zote kwa ajili yake, na hakuna atakayekucheka hapa. Ninachoomba ni usizitoe kwa kuogopa mdomo wa mama mkwe. Yeye ana uchungu wa mwana, mpokee kwa huo, lakini katika barua yako sikuona amesema atachangia kiasi gani.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo lililokuuma kuandika. Hujamuuliza.

Unasema mwanzo uliogopa kumwongezea uchungu na sasa hujui unaogopa nini. Mimi nahisi, nisahihishe nikikosea, kwamba jibu la ndiyo na jibu la hapana yote mawili yanakutisha. Akisema aliyachukua, utajiuliza fedha ile ilipita wapi wakati nyumbani mnakula kwa kubana. Akisema hakuyachukua, utakuwa umeishi mwaka mzima na mashaka juu ya mtu asiye na kosa. Kukaa kimya kumekuepusha na yote hayo, na sikulaumu, maana kulikuwa na watoto wa kulisha.

Lakini unaona, rufaa nayo inakuja kugonga hapo hapo. Kupinga hatia kunamtaka yeye aseme waziwazi kilichotokea stoo. Mwanasheria yeyote makini atamuuliza. Je, ungependa ulisikie kwanza kwake au mahakamani? Huenda swali la kumuuliza si "Uliiba?", ambalo mtu yeyote atalijibu akiwa amejikinga. Jaribu, "Siku ile ulipokubali, ulikuwa unakubali nini?" Kwa nondo, na askari amesimama pembeni na foleni nyuma yako, si mahali pazuri, na barua za wafungwa husomwa na wengine kabla ya kuwafikia. Unaweza kusubiri mwezi wa kumi na moja. Ubaya wake ni kwamba wakili anasubiri jibu sasa. Ila ukimwambia wakili asiondoe chochote mpaka azungumze na mteja wake ana kwa ana, hujatumia hata senti na umejipa miezi ya kupumua.

Ukiweza kufanya jambo moja wiki hii, pata nakala ya mwenendo wa kesi, ile ile iliyochelewa. Fungua ukurasa wa siku aliyosomewa shtaka, uangalie hakimu ameandika nini mbele ya jina la mshtakiwa. Kama imeandikwa Kiingereza, mpe msaidizi wa kisheria akusomee polepole, na maelezo ya kosa asiyaruke. Kisha niandikie tena uniambie umekuta nini, na kama mumeo alijibu, nalo hilo ukitaka.